Majarida ya mafundi wa vyombo vya mfano: yangali yafaa kulipiwa?

Kijana mmoja auzaye vijahazi vya kuchonga hapa ufuoni Galu aliniuliza kama kuna faida ya kulipia jarida la ng'ambo la mafundi wa vyombo vya mfano. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia nakala, akaipenda kwa michoro yake. Swali hili si la mchezo. Pesa za jarida la Kizungu la mwaka mzima zatosha kununua mbao, gundi na kitambaa cha matanga cha miezi kadhaa, na yeye hula kwa kazi hiyo hiyo. Kwa kuwa majarida haya nayajua tangu ujanani, nitalijibu kwa mapana, huenda likawafaa na wengine kuanzia Tiwi hadi Vanga.

Kwanza msomaji ajue kwamba majarida haya ni ya zamani. Model Engineer lilianza London mwaka 1898, mhariri wake akiwa Percival Marshall, na kazi yake kubwa ilikuwa injini za mvuke zinazofanya kazi kweli, ila ndogo za kuwekwa mezani. Marekani, Model Railroader la treni ndogo lilitoka mara ya kwanza Januari 1934, na FineScale Modeler la ndege, vifaru na meli za plastiki likaanza 1982. Kwa upande wa meli, Nautical Research Guild ni chama cha Wamarekani cha tangu 1948, nacho hutoa jarida lake, Nautical Research Journal, mara nne kwa mwaka. Mtu aliyekuwa na benchi lake la ufundi hakuwa na mwalimu mwingine ila hayo.

Leo mambo yamegeuka. Kupaka rangi, kupinda ubao kwa mvuke, kubandika vipande vidogo, yote yanaonyeshwa kwenye video bila malipo, na mkono unaotembea hufundisha kuliko picha iliyosimama. Wenye majarida wenyewe wanaiona hali. Airfix Magazine, lililoanza 1960 na kulea vijana wengi wa Uingereza, lilifungwa 1993 kabla hata intaneti haijaenea. Mwaka 2024 kampuni ya Kalmbach, iliyokuwa na Model Railroader na FineScale Modeler, iliyauza majarida hayo kwa kampuni ya Firecrown. Hayakufa, lakini jarida lililokaa nyumba moja miaka tisini halibadilishi mwenyewe kwa sababu biashara ni nzuri.

Kisha kuna suala la kufika. Niliwahi kulipia jarida moja la Uingereza la kila mwezi, likija kwa sanduku la posta. Katika nakala kumi na mbili nilizipata saba, mbili kati ya hizo zikiwa zimelowa. Kwa hiyo wa huku kwetu nasema wazi: nakala za karatasi kutoka ng'ambo, za mwaka mzima, usilipie. Nakala ya kusoma kwenye simu au kompyuta ni rahisi zaidi na haipotei njiani. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya GlobalPay ambayo humwezesha asiye na kadi ya benki kulipa ng'ambo, basi hilo si kikwazo tena. Na ununue toleo moja moja, lile lenye mchoro unaoutaka, badala ya kujifunga mwaka.

Maana mchoro ndio mali. Video itakuonyesha jinsi ya kushika patasi, lakini ni chache zitakazokupa umbo la chombo kwa vipimo, kikiwa kimechorwa kutoka ubavuni, kutoka juu, na kukatwa mapande kama samaki wa nguru ili uone tumbo lake lilivyo kila mahali. Hapo jarida bado linashinda. Linakufundisha pia nidhamu ya kipimo kimoja. Ukichagua 1:20, jahazi la mita 12 linakuwa sentimita 60, mlingoti wa mita 9 unakuwa sentimita 45, na kamba ya unene wa sentimita 2 inakuwa uzi wa milimita 1. Vijahazi vingi vinavyouzwa kwenye fukwe zetu vimechongwa kwa mkono hodari, mashallah, lakini kamba zake zingekuwa nene kama paja la mtu lau chombo kingekuwa kikubwa, na foromali imefupishwa ili kiingie kwenye begi la mgeni. Mgeni wa kawaida hajali. Mwenye kujua vyombo hujali, na ndiye mwenye kulipa mara tano.

Sasa nije kwenye tatizo ambalo hela haiwezi kulimaliza. Fungua majarida hayo hata kumi, utakuta meli za kivita za Uingereza, za Wafaransa, boti za uvuvi za Bahari ya Kaskazini. Jahazi utalikuta mara moja baada ya muda mrefu, na likija huitwa kwa jina moja tu la jumla, kana kwamba jahazi, mashua, dau, na bumu lililokuja na kaskazi kutoka Ghuba ni chombo kimoja. Utaratibu wao wa kuunda nao si wetu. Seti zinazouzwa madukani huanza na mkuku, zikasimamishwa mbavu, kisha mbao nyembamba zikabandikwa juu. Kwa desturi kongwe ya Bahari ya Hindi mbao hutangulia, zikapandishwa moja juu ya moja kutoka kwenye mkuku, na mataruma huingizwa ndani baadaye. Ukifuata jarida utapata kitu chenye sura ya jahazi ambacho fundi mzee, akichungulia ndani, atakuuliza kimeundwa wapi.

Tazameni habari ya mtepe. Chombo hiki cha Lamu na visiwa vyake kilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, tanga lake likiwa la mkeka wa pembe nne, na omo yake ikifanana na kichwa cha ngamia. Wasimulizi husema ni ngamia wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Vyombo vya kushonwa vimetajwa pwani hii tangu kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza. Vikadumu karne kumi na tisa, kisha katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita vikatoweka baharini. Leo anayetaka kuunda mtepe wa mfano atakwenda kutazama mifano kwenye makumbusho kama ya Lamu, au atatafuta makala ya Mwingereza James Hornell kuhusu mtepe na dau la Lamu, iliyotoka 1941 katika jarida la The Mariner's Mirror. Zanzibar uliundwa mtepe mpya ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020.

Fikirini hapo. Chombo chetu, kwa lugha yetu, na njia mojawapo ya kukifikia ni jarida la wasomi wa Kiingereza la miaka zaidi ya themanini iliyopita. Waomani walipotaka kuunda Jewel of Muscat, meli ya kushonwa iliyosafiri hadi Singapore mwaka 2010, iliwabidi wasome mabaki ya meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, kwa sababu aliyeiunda ya asili hakuacha mchoro. Sisi mafundi wetu bado wako hai. Lakini kila mwaka boti za faiba zinaongezeka, na fundi akifa hufa na vipimo vyake, kwa kuwa vilikuwa kichwani na mkononi.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa Galu limegawanyika. Akiwa anaunda ndege za plastiki au treni kwa kujifurahisha, video zamtosha, na jarida moja kwa mwaka ni anasa ya halali. Akiwa anaunda vyombo vya kuuza, anunue matoleo mawili au matatu yenye michoro mizuri ya chombo chochote kile, ajifunze kusoma mchoro na kupunguza vipimo, kisha aache. Na akitaka makala za vyombo vyetu, atafute za zamani, maana The Mariner's Mirror limekuwapo tangu 1911 na makala zake hupatikana mtandaoni moja moja. Bei yake si ndogo kwa makala moja, ila watu watatu wakichangia inabebeka.

Pesa inayobaki ailipie nauli ya matatu mpaka Gazi, Shimoni au Vanga, akatafute mashua au ngalawa iliyopandishwa mchangani ikisubiri kalafati. Achukue futi ya fundi, daftari, na simu. Apime urefu wa mkuku, upana wa chombo katika sehemu tano kutoka omo hadi tezi, kina chake katika sehemu hizo hizo, kimo cha mlingoti na jinsi ulivyoinamia mbele, na urefu wa foromali. Ngalawa ipimwe na mirengu yake, na umbali wake kutoka ubavuni. Picha zipigwe kutoka ubavuni, omo na tezi, fimbo ya mita moja ikiwa imesimamishwa ndani ya kila picha. Na kabla ya kuondoka amwombe mwenye chombo amtajie kila kipande kwa jina lake, akiandike kama kinavyotamkwa pale pale, kwa sababu Vanga wana majina yao na Lamu wana yao.