Shambulio la hofu

Shambulio la hofu ni hali ya kushikwa ghafla na woga mkali ambao kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua. Hutofautiana na wasiwasi wa kawaida, ambao hupanda polepole na huhusu jambo linalojulikana, kama vile mtihani au deni. Wasiwasi huo si ugonjwa. Huwa ugonjwa unapodumu kwa miezi na kuzuia masomo, kazi au usingizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi.

== Dalili ==
Moyo huenda mbio, kifua hubana, pumzi hukatika, mwili hutetemeka na kutoa jasho, vidole hufa ganzi. Mgonjwa huhisi kwamba anakufa au anarukwa na akili. Wengine hudhani wamerogwa. Shambulio lenyewe haliui.

== Sababu ==
Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ili mtu apigane au akimbie. Katika shambulio la hofu mwili hufanya hivyo hata pasipo hatari. Kuhema haraka hupunguza kabonidioksidi katika damu, ndiyo maana huja kizunguzungu na ganzi. Kukosa usingizi, kahawa nyingi, kuacha pombe ghafla na kumbukumbu za ukatili huweza kuchochea hali hiyo.

== Hofu katika Tarime na Serengeti ==
Si kila hofu ni ugonjwa. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, baadhi ya wasichana hupoteza usingizi na hamu ya kula likizo ya Desemba inapokaribia, kwa sababu wanaogopa kukeketwa na kuozwa. Hatari yao ni ya kweli. Dawa ya kutuliza haitoshi. Wanahitaji kwanza ulinzi. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu mwaka 1998, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili.

Msichana anaweza kumweleza mwalimu, ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga simu ya bure namba 116. Wapo wanaopokewa katika nyumba salama, kama zile za Masanga (Tarime) na Mugumu (Serengeti). Hata baada ya kuokolewa, mashambulio ya hofu yanaweza kuendelea. Hapo ndipo tiba inapohitajika.

== Huduma ya kwanza ==
Mketishe mgonjwa mahali penye hewa na ukae naye. Mwambie avute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa mdomo. Usimcheke, usimkaripie, wala usimfunike uso kwa mfuko.

== Wakati wa kutafuta msaada ==
Mtu anapaswa kwenda zahanati au hospitali:
* akipata shambulio kwa mara ya kwanza, kwani malaria, upungufu wa damu, pumu, ugonjwa wa tezi ya shingo na wa moyo huweza kufanana nalo;
* mashambulio yakijirudia, au akianza kukwepa shule, sokoni au safari;
* akitumia pombe ili kujituliza.

Haifai kungoja hata siku moja ikiwa maumivu ya kifua yanaenea mkononi au kwenye taya, mtu amezimia, au anawaza kujiua.

== Tiba ==
Tiba kuu ni ya mazungumzo, ambayo humfundisha mgonjwa kuzielewa dalili na kurudia hatua kwa hatua mambo anayoyakwepa. Daktari huweza pia kuagiza dawa za jamii ya zile za sonona, ambazo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Diazepamu hutuliza upesi lakini huzoesha mwili, hivyo isinunuliwe dukani bila cheti cha daktari. Wengi wanaotibiwa hupata nafuu.