Honda ya 1976 kwenye Kona za Usambara

Mazinde pamekaa mahali pa kumezewa mate na mfanyabiashara: mgongo umeegemea milima ya Usambara, uso unatazama nyika. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, makao ya ufalme wa Washambaa yalikuwa Vuga, juu mlimani. Mwanawe Semboja hakuutamani ukungu wa huko. Alipomng'oa mtoto wa kaka yake aliyerithi kiti, alimketisha Vuga mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye akabaki Mazinde, penye misafara, nguo na bunduki. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikapita Mazinde na kufika Buiko mwaka 1909. Kisha ikaja barabara kuu. Kila chombo kipya kimepita hapa bondeni kwanza, halafu ndipo watu wakatafuta namna ya kukipandisha mlima.

Pikipiki nayo ilipita njia hiyo hiyo.

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Tanzania, majina yaliyoandikwa kwenye matangi ni ya China na India: SanLG, Boxer, TVS. Ukoo wa pikipiki zenyewe, hata hivyo, ni wa Japani. Bajaj, waundaji wa Boxer, walishirikiana kwa miaka mingi na Kawasaki. TVS walikuwa wabia wa Suzuki hadi mwaka 2001. Nazo pikipiki nyingi za Kichina zimebeba injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125.

Kisa cha injini hiyo kinastahili kusimuliwa taratibu. Wahandisi wa Honda walizunguka katika nchi za Asia kutazama pikipiki zao zinavyotumika, na waliyoyaona yaliwashtua: mzigo kupita kiasi, vumbi, oili isiyobadilishwa mpaka igeuke tope. Modeli ya CB125 ya wakati huo ilikuwa na kamshafti juu ya silinda, mpango mzuri kwa mwendo kasi lakini unaodai oili safi. Basi wakarudi nyuma kwa makusudi. Wakaishusha kamshafti chini, na valvu zikawa zinasukumwa na fito mbili nyembamba, kama injini za zamani. Wakaufunika mnyororo wote usile mchanga. CG125 ikatoka mwaka 1976 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 124. Haikuwa na cha kujivunia kwenye mashindano. Ilichoweza ni kuvumilia kusahauliwa.

Miaka ya kabla ya hapo, huko Ulaya, vijana walikuwa na maradhi mengine. Ace Cafe, mgahawa wa kando ya barabara jijini London uliofunguliwa mwaka 1938, ulikuja kuwa kijiwe cha waendesha pikipiki waliotaka kuvuka maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Walinyofoa kila kisicho na kazi, wakashusha usukani, wakaweka kiti cha mtu mmoja. Wengine walichukua injini ya Triumph na kuipachika kwenye fremu ya Norton. Mgahawa ulifungwa mwaka 1969, mwaka uleule Honda walipoingiza sokoni CB750 yenye silinda nne, na viwanda vya Uingereza havikupona. Ndiyo maana leo anayetaka kujitengenezea pikipiki ya mtindo ule, inayoitwa hadi sasa kafe resa, mara nyingi huanza na Honda au Yamaha kuukuu ya miaka ya 1970, akaikata mkia kwa msumeno.

Fundi wa chini ya Usambara naye hukata na kuchomelea, ila kwa hesabu iliyogeuzwa. Mwenzake wa London anapunguza, yeye anaongeza. Kiti kinarefushwa. Keria ya nondo inafungwa nyuma, shokapu zinaimarishwa, spoketi ya nyuma inabadilishwa kwa yenye meno mengi zaidi ili gia ya kwanza ivute mlimani, hata kama mwendo wa tambarare utapungua. Kabichi, karoti na viazi vinashuka; saruji, mabati na abiria vinapanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto, kwa njia ya Soni, ni zaidi ya kilomita 30 za kona, na Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi.

Kanuni za mwaka 2010 ziliwaruhusu rasmi waendesha pikipiki kubeba abiria kwa leseni, abiria mmoja kwa safari. Mtaani likazaliwa neno mshikaki, kwa watu watatu au wanne waliopangwa kwenye kiti kimoja kama nyama kwenye kijiti. Ukikiweka kando ya kile kiti cha upweke cha Ace Cafe, hakuna haja ya kueleza zaidi kipi kilitengenezwa kwa anasa.

Kasi, hata hivyo, haikukosekana kabisa. Wapo waendeshaji ambao, wakishafika juu na kutua mzigo, huweka gia huru, huzima injini kuokoa petroli na kuteremka kuelekea Mombo kwa breki peke yake. Kinachosikika ni upepo na matairi, na kona inayofuata haiko mbali.