Safari ya Ndabibi

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini wengi wetu, tusikiapo neno safari, hufikiri Ulaya na Marekani. Msomaji wangu, anza na Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya mlima Eburru.

Mlimani humo hupatikana jiwe jeusi, lenye kung'aa kama kioo, lililozaliwa na moto wa volkeno. Maelfu ya miaka iliyopita wakazi wa Bonde la Ufa walilichonga wakafanya visu na ncha za mikuki; na wachimbuaji wa mambo ya kale wameyakuta mawe ya pande za Naivasha hata kaskazini ya Tanzania. Basi safari si jambo geni kwetu.

Kisha yatazame malisho. Mwaka 1904 Wamasai waliondoshwa bondeni kwa mkataba, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nao wakaahidiwa Laikipia na nchi ya kusini maadamu kabila lao lingaliko. Haikupita miaka 10: mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Laikipia pia.

Haya yote yamo vitabuni, ni kweli. Lakini asomaye nyumbani huona tarehe tu. Aliyesimama Ndabibi, akayatazama maji ya ziwa na upana wa nyika, hufahamu ni kitu gani kilichopotea. Nenda basi, waulize wazee, kisha urudi ukisome kitabu chako upya.