Kamera ya Watu 15 na Treni Iliyolazimika Kusimama

Wasee, leo tuongee kamera. Si ya simu, na si zile za kukodi tunazobebea harusi. Naongelea kamera ambayo, ikishawekwa kioo chake cha kunasia picha, ilifika kilo 635 hivi. Hiyo ni karibu mifuko 13 ya simiti. Ilitengenezwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1900, na ilihitaji watu 15 kuiendesha. Mimi kampasi niliachia njiani, kwa hivyo usiningojee na maneno ya profesa. Lakini hii stori imenifunza kuangalia picha za kale kwa jicho lingine kabisa.

Ilianza hivi. Kampuni ya reli ya Chicago & Alton ilikuwa na treni mpya, Alton Limited. Mabehewa yalikuwa yamepangika sare, mwanzo hadi mwisho, na kampuni ikataka dunia ione treni nzima kwenye picha moja. Ikamwita mpigapicha George R. Lawrence. Yeye akawaambia tupige vipande, halafu tuviunganishe. Wakakataa. Picha ya kuungwa ungwa haingeonyesha treni ilivyo. Basi Lawrence akasema sawa, nitawatengenezea kamera inayotosha.

Kioo cha kamera hiyo kilikuwa na urefu wa futi 8 na upana wa futi 4 na nusu. Kitanda cha nne kwa sita unakijua, si ndio? Kioo kilikipita kwa futi 2 za urefu. Na kumbuka siku hizo ukitaka picha kubwa na safi, kioo chenyewe ndicho kililazwa juu ya karatasi ya picha. Picha ilitoka saizi ile ile ya kioo. Ukitaka kubwa, unajenga kamera kubwa. Gharama ilitajwa kuwa dola 5,000, pesa za 1900, si za leo.

Sasa hapa ndipo inakuwa noma. Vumbi likiingia kwenye kioo, nani atalipangusa? Mtu alikuwa anaingia ndani ya kamera. Ubao wa mbele ulifunguka kama mlango, jamaa anaingia na brashi, mlango unafungwa, halafu lenzi inafunikwa kwa kioo chekundu ili mwanga usiharibu kitu. Anapangusa, anatoka, kazi inaendelea.

Lenzi zilikuwa mbili, za muundo wa Zeiss. Moja ilikuwa na urefu wa fokasi wa futi 5 na nusu, nyingine futi 10. Za simu yako hupimwa kwa milimita chache tu. Na si kujionyesha. Kila lenzi hutupa duara la mwanga nyuma yake, na duara hilo lazima lifunike kioo au filamu yote. Chukua lenzi ya kamera ndogo uifunge kwenye kamera kubwa kama ya Lawrence: utapata kiduara kidogo katikati, na giza pembeni kote. Ndiyo maana hadi leo wapenzi wa kamera kubwa za filamu wanawinda lenzi za mababu. Dagor, kwa mfano, iliyobuniwa na Emil von Höegh mwaka wa 1892 na kuuzwa na Goerz wa Berlin, bado inatafutwa kwa sababu duara lake ni pana. Hakuna kiwanda kikubwa cha leo kinachohangaika na soko dogo hivyo.

Lakini lenzi kubwa ina deni. Kadiri picha inavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba. Ukilenga injini, behewa la mwisho linageuka ukungu. Dawa yake ni kubana tundu la lenzi. Ukibana tundu, mwanga unaingia kidogo kidogo kama maji ya mfereji wa mtaa siku ya rationi, na wewe unangoja ndoo ijae. Picha ya ile treni ilichukua dakika 2 na nusu.

Dakika 2 na nusu! Treni iliyojengwa ikimbie ilisimama tuli pale Brighton Park, nje kidogo ya Chicago, ndipo ikapigwa picha. Hapo huhitaji hata shata, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Unatoa kifuniko cha lenzi, unahesabu, unarudisha. Kuna wapigapicha wa kale waliotumia kofia yao.

Mtu anaweza kuuliza, kwani hawangetengeneza shata kubwa yenye kasi? Walijaribu, lakini fikiria mlango. Mlango wa kabati unaufungua na kuufunga haraka. Geti la kampuni je? Tundu la lenzi likiwa pana, vile visu vya shata lazima visafiri mbali zaidi, na ni vizito. Shata za Packard, zilizotumika sana studio, ziliendeshwa kwa hewa: unaminya mpira wa mkononi, hewa inapita kwenye bomba, inasukuma pistoni ndogo, visu vinafunguka. Kasi yake ya juu ni kama sekunde moja ugawanye kwa 25. Hata baadaye viwandani mambo hayakubadilika sana. Shata ndogo ya Copal ya Japani, namba 0, inafika 1/500 ya sekunde. Kubwa yao, namba 3, inaishia 1/125. Ilex namba 5 ya Marekani, kubwa zaidi, inaishia 1/50. Unaona mtindo? Ukubwa unakula kasi.

Na hapa ndipo nataka tusikizane. Kama lenzi inangoja dakika 2, ni nani anaonekana kwenye picha? Ni yule aliyetulia.

Ushahidi mzuri ni wa zamani zaidi. Mwaka wa 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirishani. Barabara ilikuwa na shughuli. Lakini ukiangalia picha, ni kama mji umehamwa. Mikokoteni, farasi, watu wa biashara, wote wameyeyuka kwa sababu walikuwa wanasonga na picha ilihitaji dakika kadhaa. Anayeonekana vizuri ni mtu mmoja, kwenye kona, kainua mguu. Anapigwa rangi viatu. Alitulia kwa sababu kuna mtu alikuwa chini yake anafanya kazi. Mwenye viatu anaonekana wazi. Yule wa brashi ni kivuli kisichoshikika vizuri, maana mikono yake haikupumzika.

Niliposoma hiyo nilinyamaza kidogo. Nairobi ingepigwa picha namna hiyo leo, nani angebaki? Majengo yangebaki, na matangazo ya barabarani, na magari yaliyoegeshwa ya wenye nayo. Msee wa mkokoteni hayuko. Mama anayeuza mboga akitoroka kanjo hayuko. Boda zote zimepotea. Halafu mtu miaka 100 baadaye aseme, aki huu mji ulikuwa mtulivu na msafi. Picha tupu si ushahidi wa mahali patupu. Wakati mwingine ni ushahidi tu kwamba lenzi ilikuwa pole na watu walikuwa kazini.

Ya treni iliishia vizuri kwa wenyewe. Ilipelekwa Paris kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1900 na ikashinda tuzo. Inasimuliwa kwamba waandalizi hawakuamini, hadi mwakilishi wa Ufaransa akatumwa kwenda kuhakikisha kamera ipo kweli. Jina la Lawrence likabaki, na la kampuni likabaki. Wale 15 wamebaki kuwa namba.

Lakini nisimwonee Lawrence, kwa sababu huyo jamaa hakukwama kwenye ukubwa. Alitaka kupiga picha kutoka juu. Mwaka wa 1901 kikapu cha puto lake kilikatika, akaanguka zaidi ya futi 200, na nyaya za simu ndizo zilizomwokoa. Mtu mwingine angerudi studio. Yeye akahamia kwenye vishada. Mwaka wa 1906, tetemeko na moto vilipoimaliza San Francisco, alifunga kamera ya kilo 22 hivi kwenye vishada 17 na kuipandisha futi 2,000 juu ya ghuba. Huwezi kupanda huko ukahesabu dakika 2 na kofia mkononi. Kamera inaning'inia, inayumba. Ilibidi awe na shata, na umeme uliopitishwa kwenye waya ndio ulioifyatua kutoka chini. Picha ilitoka karibu futi 4 kwa urefu, mji mzima ukiwa magofu, na nakala moja aliiuza dola 125.

Kilo 635 zikawa kilo 22, na ndiyo picha inayokumbukwa zaidi kati ya hizo mbili. Hiyo nawaambia wale wanaosema hawawezi kuanza hadi wapate gia kubwa.

Hata hivyo, hata ile ya vishada usiiamini yote. Inaonyesha majengo yaliyolala, haihesabu waliolala chini yake. Hesabu rasmi ya wakati ule ilitaja waliokufa San Francisco kuwa hata 500 hawafiki. Utafiti wa miaka ya baadaye ukasema walipita 3,000. Futi 2,000 juu, hakuna sura ya mtu.

Simu yako leo inanasa tone la mvua likianguka. Kisingizio cha lenzi pole hatuna tena. Mtu akikosekana kwenye picha zetu za huu mji, ni kwa sababu tuliamua kuelekeza simu kwingine. Na ukikutana na picha ya kale ya barabara tupu, kabla ya kusifia vile kulikuwa kumetulia, uliza lenzi ilikaa wazi muda gani, na nani alikuwa anapita.