Miaka kumi ya DIR isiyo na mpangilio

IBM ilipozindua kompyuta yake binafsi jijini New York, tarehe 12 Agosti 1981, iliinadi kama mashine ya kuweka mambo sawa: barua, hesabu, orodha za wateja. Mnunuzi akishatia diski na kuandika DIR ili aone mafaili yake, alikuta majina yamechanganyika ovyo, la Z juu na la A chini. Hali ikabaki hivyo hadi Juni 1991, ulipotoka mfumo endeshi MS-DOS 5.0 wenye DIR inayojua kupanga. Kwa karibu miaka kumi, pengo hilo lilizibwa na programu ndogondogo, na nyingi kati ya hizo waandishi wake walizigawa bure.

Chanzo cha vurugu kilikuwa kwenye diski yenyewe. Kila faili lilitengewa mstari wa baiti 32: nane za jina, tatu za kiambishi kama COM au TXT, halafu saa, tarehe, mahali faili linapoanzia na ukubwa wake. Diski ya kilobaiti 360 ilikuwa na nafasi 112 za mistari hiyo. Ukifuta faili, DOS iliweka alama tu kwenye baiti ya kwanza ya jina, na faili jipya likaja kukalia nafasi ya kwanza iliyo wazi. DIR ilisoma mistari kutoka juu kwenda chini bila kuuliza chochote.

Machi 1983 ikaja DOS 2.0, pamoja na IBM PC XT na diski yake ngumu ya megabaiti 10. Ndani ya DOS hiyo mlikuwa na programu iitwayo SORT, na watu wakajifunza kuandika DIR | SORT. Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. DOS haikuweza kuendesha programu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo matokeo ya DIR yaliandikwa kwanza kwenye faili la muda, ndipo SORT ikayasoma. Faili hilo la muda, %PIPE1.$$$, lilijitokeza kwenye orodha kama mgeni asiyealikwa. Kama diski ilikuwa imebandikwa stika ya kuzuia kuandika, amri nzima iligoma. Mstari wa jumla ya mafaili, kwa kuwa ulianza na nafasi tupu, uliruka kutoka chini ukakaa juu ya majina.

Tarehe ndiyo iliyowachosha watu zaidi. DOS ya Marekani iliandika mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. SORT iliona herufi tu, haikujua tarehe ni nini. Faili la 1-05-84 likawa linatangulia la 12-20-83, Januari ya mwaka unaofuata mbele ya Desemba ya mwaka uliopita.

Waandishi wa programu za bure waliona njia ya mkato: achana na maandishi ya skrini, nenda kwenye baiti 32 zenyewe. Humo tarehe imehifadhiwa kwa mpangilio wa busara, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, hivyo kulinganisha tarehe mbili ni kulinganisha namba mbili. Soma mistari yote kwenye kumbukumbu, ipange, iandike tena diskini. Baada ya hapo DIR ya kawaida inatoa orodha safi, bila faili la muda wala mstari uliopotea njia.

Inasikika rahisi, lakini mitego ilikuwa hapo hapo. Mstari ambao haujawahi kutumika huanza na sifuri, na DOS 2.0 ikikutana na sifuri huamini kwamba orodha imekwisha. Sifuri ndiyo namba ndogo kuliko zote. Mwandishi asiye makini akipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, mistari mitupu inapanda juu, na mwenye diski akiandika DIR anaambiwa hakuna faili hata moja. Mafaili yapo, ila hayaonekani.

Mtego wa pili ulikuwa IBMBIO.COM na IBMDOS.COM. Haya ni mafaili yaliyofichwa, na kompyuta ilipowaka iliyatafuta kwenye nafasi mbili za kwanza. Programu iliyopanga kila kitu kwa alfabeti ingeitanguliza AUTOEXEC.BAT, na asubuhi yake mashine isingewaka kwa diski hiyo. Ndani ya folda nako, alama za nukta moja na nukta mbili, zinazoonyesha folda yenyewe na ile iliyo juu yake, zilipaswa kubaki mwanzoni hata kama mtumiaji ametaka orodha ya kinyumenyume. Na umeme ukikatika wakati wa kuandika je? Kwa maoni yangu, ubora wa programu hizi ulipimwa hapo zaidi kuliko kwenye kasi.

Kasi ilikuwa muhimu pale ulipotaka kupanga yaliyomo ndani ya faili, kwa mfano orodha ya anwani. SORT ya DOS ilikomea kwenye kilobaiti 63 hivi. Njia ya kitoto ya kulinganisha kila mstari na mwenzake huhitaji ulinganisho 499,500 kwa mistari 1,000, na prosesa ya mashine hiyo, 8088, ilikwenda kwa megahezi 4.77 tu. Njia bora zilikuwepo tangu zamani. Mwingereza Tony Hoare alibuni quicksort alipokuwa mwanafunzi Moscow, mwaka 1959 hadi 1960, akitafuta namna ya kupanga maneno ya sentensi za Kirusi. Baadaye, kwenye kampuni ya Elliott Brothers, aliweka dau la peni sita na bosi wake kwamba njia yake ina kasi zaidi, akashinda. Lakini quicksort iliyoandikwa kwa haraka hukwama zaidi inapopewa faili ambalo tayari limepangwa. Watumiaji nao ndivyo wafanyavyo: wanaongeza anwani tatu kwenye orodha iliyokwisha pangwa, kisha wanapanga upya. Njia ya Donald Shell ya 1959, fupi na isiyodai kumbukumbu nyingi, iliwafaa wengi.

Kuhusu kugawa, mfano ulitolewa mwaka 1982. Andrew Fluegelman aliiachia programu yake ya mawasiliano, PC-Talk, watu wanakili watakavyo, akiwaomba walioridhika wamtumie dola 25. Mwaka huohuo Jim Knopf, aliyejiita Jim Button, alifanya hivyo na PC-File. Programu za kupanga zilikuwa ndogo mno kuombewa dola 25. Ziliandamana na nyingine kwenye diski, zilipita kwenye simu kwa modemu za herufi 30 kwa sekunde, au zilichapishwa magazetini kama safu za namba ambazo msomaji alizipiga kwenye kibodi moja moja. Tarakimu moja ikikosewa, hakuna programu.

DIR ya 1991 iliweza kupanga kwa jina, ukubwa au tarehe, lakini ilipanga kinachoonekana kwenye skrini tu. Diskini mistari ilibaki vilevile. Mfuatano huo wa diskini bado una athari: redio nyingi za bei nafuu za magari hucheza nyimbo za flashi kwa mfuatano zilivyonakiliwa, wala si kwa namba za albamu. Flashi hizo bado zinatumia mistari ya baiti 32. Ipo programu ya bure, FATSort, inayoipanga upya hadi leo, na mtego umeongezeka: tangu Windows 95 jina refu hugawanywa kwenye mistari kadhaa, nayo lazima ihame pamoja.