Uso Wako Ulianzia Pembezoni mwa Ubongo

Gusa taya lako. Panda kidogo mpaka shavuni, halafu kwenye mfupa wa pua. Kwa miaka mingi wataalamu wa viinitete walifundisha kwamba mifupa hiyo ina asili moja na mfupa wa paja. Kumbe hapana. Sehemu kubwa ya mifupa ya uso inatokana na seli zilizozaliwa kwenye kingo za ubongo unaochipuka, zikabanduka, zikasafiri mpaka mbele na kugeuka mfupa. Mtu wa kwanza kulisema jambo hili waziwazi alipuuzwa. Aliyelithibitisha kwa ndege, miaka themanini hivi baadaye, alihitaji kware.

Twende taratibu. Kiinitete cha mnyama mwenye uti wa mgongo huanza na matabaka matatu. La nje hutoa ngozi na mfumo wa neva. La kati hutoa misuli na mifupa. La ndani hutoa utando wa utumbo, pamoja na ini. Ndivyo ilivyofundishwa tangu karne ya 19, Karl Ernst von Baer akiwa mmoja wa waasisi wa wazo hilo, na likageuka karibu kuwa sheria.

Sasa, sehemu ya tabaka la nje hujikunja kama chapati inayoviringishwa, kingo zake zikakutana na kuwa mrija. Upande wa kichwa mrija huvimba na kuwa ubongo. (Kingo zisipofunga vizuri upande wa mgongoni, ndipo mtoto anazaliwa na mgongo wazi.) Pale kingo zinapokutana pana ukanda mwembamba wa seli ambao Wilhelm His aliueleza mwaka 1868 akichunguza viinitete vya kuku. Mimi nitauita upindo wa neva, maana uko palepale ambapo fundi cherehani angepiga upindo.

Julia Platt alizaliwa San Francisco mwaka 1857. Alichunguza viinitete vya Necturus, salamanda wa majini wa Marekani, akivikata vipande vyembamba na kuvitia rangi. Aliona kitu ambacho wengi wangekipita: chembe za kiini cha yai ndani ya seli za tabaka la nje zilikuwa ndogo kuliko zile za tabaka la kati. Yaani seli zilikuwa na kitambulisho chao. Akazifuata, na mwaka 1893 akaandika kwamba gegedu za uso na za matamvua hutokana na tabaka la nje.

Wakubwa wa fani hawakukubali. Gegedu itokane na tabaka la nje? Hiyo ilikuwa kuvunja sheria. Haki ya kusema ni kwamba ushahidi wake ulikuwa na udhaifu wa kweli: seli hula zile chembe kadiri zinavyokua, kwa hiyo kitambulisho hufutika njiani. Lakini sidhani kama hoja ilikuwa chembe peke yake. Platt alipata shahada ya uzamivu Freiburg, Ujerumani, mwaka 1898, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo kule walikuwa wa kuhesabika, kisha akakosa kazi ya chuo kikuu. Akahamia Pacific Grove, California, akaachana na viinitete. Mwaka 1931, akiwa na zaidi ya miaka 70, alichaguliwa kuwa meya, na ufukwe wa mji ule ukapata eneo la hifadhi ya bahari kwa juhudi zake. Siasa ilifaidi, embriolojia ilipoteza.

Wengine waliendelea na salamanda na vyura, na miaka ya 1920 na 1930 majaribio ya kukata na kupandikiza yalianza kumpa Platt haki yake. Ila kwa ndege swali lilibaki wazi. Unazifuataje seli zinazotembea katikati ya seli nyingine zinazofanana nazo?

Nicole Le Douarin, aliyezaliwa Lorient, Ufaransa, mwaka 1930, alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kurudi kwenye utafiti chini ya Étienne Wolff huko Nogent-sur-Marne. Wala hakuwa anatafuta asili ya uso. Alikuwa anachunguza ini linavyoundwa, akichanganya tishu za kuku na za kware wa Kijapani. Alipozitia rangi inayoonyesha DNA, aliona kwamba katika kiini cha seli ya kware, DNA nyingi imerundikana kama doa moja kubwa au machache, wakati kwenye seli ya kuku imetawanyika. Tofauti hiyo haifutiki. Seli ya kware ikiwekwa ndani ya kuku inabaki kware, na seli zitakazozaliwa nayo vilevile. Alichapisha ugunduzi huo mwaka 1969.

Kilichofuata ni kazi ya mikono. Unatoboa dirisha kwenye ganda la yai lenye kiinitete cha siku mbili hivi, urefu wake milimita chache tu. Unaondoa kipande cha upindo wa neva, unaweka cha kware wa umri uleule, unaziba, unarudisha yai kwenye joto. Siku kadhaa baadaye unakata na kutazama: popote penye doa, seli hiyo ilitoka kwenye upindo. Mwaka 1975 Christiane Le Lièvre na Le Douarin walionyesha kwamba mifupa na gegedu za uso wa ndege zina doa. Platt alikuwa ameshafariki miaka 40 iliyopita.

Je, seli hizi ni matofali tu, au zimebeba ramani? Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms walibadilishana upindo wa neva kati ya bata na kware. Kware aliyepewa seli za bata aliota mdomo wa kibata, na bata akapata mdomo mfupi wa kikware. Seli zilikuja na umbo lao, ingawa kazi nyingine za miaka hiyo, za kundi la Le Douarin mwenyewe, zinaonyesha kwamba tabaka la ndani nalo huziambia zijenge nini na wapi.

Hapa kwetu mtoto akizaliwa na mdomo sungura, mara nyingi anayehojiwa ni mama: ulikula nini, ulifanya nini? Mdomo wa juu huundwa pale vijiuvimbe vya uso, vilivyojaa seli za upindo huu, vinapokutana na kuungana, kati ya wiki ya nne na ya nane ya mimba. Visipokutana, pengo linabaki. Sababu huwa ni mchanganyiko wa jeni na mazingira, na wakati huo wapo kina mama ambao hata hawajajua kwamba ni wajawazito.

Kinachonivutia zaidi kilikuja baadaye. Sophie Creuzet, akifanya kazi na Le Douarin, aliondoa upindo wa neva unaojenga uso kwenye viinitete vya kuku. Uso ulikosekana, kama ilivyotarajiwa. Lakini ubongo wa mbele nao uliharibika. Walipoweka protini iitwayo FGF8, ambayo kwa kawaida hutolewa mbele ya kichwa, kiasi kikubwa cha uharibifu huo kilizuilika, na seli chache za upindo zilizobaki jirani zikaongezeka na kuanza kujenga uso upya. Ubongo hutoa seli za uso, na seli hizo, zikiwa bado safarini, zinausaidia ubongo kukua.