Oili ikivuja juu ya injini: Gasketi ya tapeti kava inavyobadilishwa nyumbani

HARUFU ya oili inayoungua kila gari linaposimama kwenye foleni ni dalili ambayo madereva wengi huivumilia kwa miezi, wakiridhika kuongeza oili kidogo kila wiki. Mara nyingi chanzo chake ni gasketi ya tapeti kava, yaani mpira unaoziba mahali kifuniko cha juu cha injini kinapokutana na silinda hedi.

Mpira huo ukikaa kwenye joto kwa miaka mingi huwa mgumu kama plastiki, hupoteza uwezo wa kunesa na oili huanza kupenya. Oili inayoteremka hadi kwenye ekzosti hukuta chuma ambacho, gari likipanda mlima, huweza kuvuka nyuzi joto 400 za Selsiasi. Mvuke wa oili ya injini huweza kushika moto kuanzia nyuzi 200 na kitu. Si suala la uchafu pekee, bali pia ni hatari ya moto.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari ahakikishe kuwa tatizo si gasketi ya silinda hedi. Hiyo ikifa, oili huweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, rejeta hupungua maji bila kuvuja nje na moshi mweupe hutoka hata injini ikiwa imepata moto. Kazi hiyo ni ya gereji, kwa sababu silinda hedi hulazimika kung'olewa na kupimwa kama imepinda.

Gasketi ya tapeti kava, kinyume chake, haihitaji kufungua moyo wa injini. Katika Toyota Corolla za AE110 zenye injini ya 5A-FE, ambazo zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1995, kifuniko kinafikika kwa urahisi. Soketi chache, kisu cha plastiki, vitambaa safi na nusu siku ya subira vinatosha. Anayekwenda Kariakoo kununua gasketi ni vema awe na namba ya chesi, kwani injini mbili zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa mpira.

Injini iachwe ipoe kabisa na waya hasi wa betri uondolewe. Nyaya za plagi zitiwe alama kwa utepe, kisha zivutwe kwa kushika kichwa cha mpira, si waya wenyewe. Oili ikikutwa imejaa kwenye mashimo ya plagi, na hiyo ndiyo humfanya dereva adhani plagi zimekufa, inyonywe kwa kitambaa. Plagi zibaki mahali pake ili uchafu usidondokee ndani ya silinda.

Kifuniko kikigoma kutoka baada ya nati kufunguliwa, kigongwe taratibu pembeni kwa nyundo ya mpira. Kukichokonoa kwa bisibisi ni kosa la gharama kubwa, kwa kuwa alumini ikikwaruzwa, gasketi mpya nayo itavuja.

Usafishaji ndio unaostahili muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Mabaki ya mpira na silikoni ya zamani yaondolewe hadi nyuso zote mbili ziwe kavu na laini. Kipande cha silikoni kinachodondokea ndani huweza kusafiri hadi kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba, na injini inayokosa oili haidumu. Kwa sababu hiyo hiyo, desturi ya baadhi ya mafundi kupaka silikoni kuzunguka gasketi nzima haifai. Silikoni huwekwa kidogo tu kwenye pembe zilizotajwa katika kitabu cha gari.

Nati hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Mkazo unaotakiwa ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Katika injini nyingi ndogo hauzidi Newton-mita 12, nguvu ambayo mkono mmoja huifikia bila kukunja uso. Kukaza kupita kiasi huminya mpira mpaka ukapasuka, au hukata bolti ndani ya silinda hedi.

Jambo moja husahaulika hata kwenye gereji. Valvu ya kupumulia injini, ambayo katika magari mengi huchomekwa juu ya kifuniko hicho, itolewe na itikiswe. Ikiwa nzima hutoa mlio wa kugonga ndani. Ikiwa kimya imeziba, na mgandamizo uliokosa njia ndani ya injini utaisukuma oili nje tena, hata gasketi ikiwa mpya.